Kibobakasi: mti wa mapengo ya msitu na nafasi yake bustanini

Mwenye kitalu cha miche atakusifia kibobakasi bila kusita. Kinakua upesi, kinatoa maua ya rangi ya moto yanayoonekana kutoka mbali, na tena ni mti wa asili ya Afrika, tofauti na jakaranda uliotoka Amerika ya Kusini au ashoka uliotoka India. Yote hayo ni kweli. Lakini mti huohuo, kwa jina la kisayansi Spathodea campanulata, umo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani iliyotayarishwa chini ya shirika la uhifadhi la IUCN. Huko Fiji wakulima wanapambana nao mashambani kama gugu. Jimbo la Queensland nchini Australia limekataza kuuza mche wake, au hata kumpa mtu bure. Jimbo la Santa Catarina nchini Brazili lilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuzuia usipandwe wala miche yake isioteshwe.

Anayetafuta mti wa kupamba uwanja wake hubaki njia panda. Wengine humwambia aupande kwa sababu ni wa kwetu, wengine humwambia auogope kama moto. Mimi naona pande zote mbili zinazungumzia sifa zilezile za mti mmoja. Ukishajua kibobakasi kinafanya kazi gani msituni, utaelewa kwa nini ni pambo zuri, kwa nini ni hatari karibu na paa la nyumba, na kwa nini kimeteka visiwa ambavyo hakikuzaliwa.

Kazi yake msituni

Kundi la Spathodea lina spishi moja tu, hii. Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Ambroise Palisot de Beauvois, ndiye aliyeipa jina na kuieleza kitaalamu mwaka 1805, baada ya safari zake za Afrika Magharibi. Ndugu zake wa ukoo ni miti tunayoifahamu: siala, mwegea wenye matunda marefu yanayoning'inia, na jakaranda wenyewe. Makao yake ya asili yanaanzia Guinea na Ghana, yanapita Kameruni na bonde la Kongo hadi Angola, kisha yanaelekea mashariki hadi Sudan Kusini, Uganda, magharibi mwa Kenya na mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Waganda huuita kifabakazi. Wauza miche wengi wa Kenya wanaujua zaidi kama Nandi flame, kwa jina la milima ya Nandi, iliyo jirani na msitu wa Kakamega.

Msitu wa mvua hauko kimya na mkamilifu kama unavyoonekana ukiutazama kutoka barabarani. Kila mara kuna mti mkubwa unaoanguka. Mvule wa miaka mingi ukilala chini, hauanguki peke yake. Unavunja na majirani zake, unaburuta mitambaazi iliyoufunga, na ghafla jua linapiga udongo ambao haujaliona kwa miongo. Pengo hilo halikai wazi. Ipo miche iliyokuwa ikisubiri kivulini, midogo na yenye subira, ambayo sasa inaanza kunyanyuka polepole. Na ipo mbegu inayoletwa na upepo siku hizohizo, inaota, inapanda juu kwa kasi na kulifunika pengo kabla wengine hawajafika. Kibobakasi ni wa kundi hili la pili. Ni mti mtangulizi.

Mwili wake wote umeundwa kwa kazi hiyo. Matunda yake husimama wima kwenye ncha za matawi, magumu, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 25. Yakikauka hupasuka upande mmoja na kuachia mbegu zipatazo 500 kila moja. Ukiishika mbegu mkononi ni vigumu kuamini kwamba humo mna mti: kitone cha kahawia kilichozungukwa na bawa jembamba linalopitisha nuru, mithili ya ganda la ndani la kitunguu. Kilo moja ya mbegu hizo ina zaidi ya mbegu laki moja. Hakuna ndege wala mnyama anayehitajika kuzibeba, upepo unatosha.

Ikishaota, haitumii nguvu nyingi kutengeneza mbao imara. Mti wenye haraka ya kufika juu hujenga kwa kitu chepesi, na mbao za kibobakasi ni nyeupe, laini na huoza upesi. Fundi seremala hana haja nazo. Afrika Magharibi zimetumika kuchongea ngoma na mivukuto ya wahunzi, kazi ambazo wepesi ndio unaotakiwa. Ndege watobozi kama zuwakulu huupenda mti huu kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa shina laini ni rahisi kuchimbwa tundu la kiota.

Kuna na sifa ya tatu, ambayo wapandaji wengi huigundua wakiwa wamechelewa: kibobakasi hakikubali kufa. Kikikatwa, kisiki huchipua. Mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi hutoa maotea mbali na shina. Hata nguzo ya uzio iliyokatwa ikiwa mbichi na kuchimbiwa ardhini huweza kuota ikawa mti kamili. Msituni, ambako matawi huvunjika kila wakati, hiyo ni akiba ya maana.

Kitu kimoja tu hakikiwezi: kivuli. Mche wake haustahimili kukaa chini ya miti mingine kwa muda mrefu, hata chini ya mama yake. Kwa hiyo katika msitu ulio hai, kibobakasi hushika pengo, huchanua, hurusha mbegu, kisha miti ya subira iliyokuwa ikikua chini yake humpita na kuchukua nafasi. Huo ndio mpangilio uliokiweka kwa kiasi katika makao yake, pamoja na wadudu na kuvu waliozoea kukila.

Ua na namna ya kulitazama

Sifa iliyokitoa kibobakasi msituni na kukipeleka karibu kila nchi ya joto ni ua. Maua hukaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi, juu ya majani. Katikati ya fungu kuna matumba mengi yaliyobanana, ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yenye vinyweleo vifupi, kila moja limejipinda kuelekea ndani. Yale ya pembeni hufunguka kwanza, halafu yanayofuata, mduara baada ya mduara, na ndiyo maana fungu moja linaweza kuchanua kwa wiki kadhaa bila kwisha. Ukilibinya tumba, maji huruka. Watoto kila mahali mti huu ulipo wameligundua hilo bila kufundishwa, na hulitumia kurushiana. Maji hayo hutengenezwa ndani ya kifuko kinacholifunika ua changa, nalo hukua likiwa limezama humo.

Likifunguka, ua huwa kikombe kipana chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, jekundu la machungwa, ukingo wake umekunjamana na kuzungushiwa mstari mwembamba wa njano. Ipo pia aina yenye maua ya njano tupu, nzuri lakini adimu. Kikombe hukaa kikitazama juu, hivyo huhifadhi nekta, umande na mvua, na chozi na shore huja kunywa asubuhi. Popo nao hufika usiku. Wanaobeba chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine ni hao hasa, ndege na popo, kuliko nyuki.

Hapa pana jambo ambalo wasanifu wa bustani hulisahau. Kwa kuwa maua yamekaa juu ya taji na yanatazama angani, aliyesimama chini ya mti haoni kitu isipokuwa matawi, majani, na petali zilizoanguka. Uzuri wa kibobakasi ni wa mbali. Kinapendeza kwenye mteremko unaotazamwa kutoka ng'ambo ya bonde, mwishoni mwa uwanja mrefu, nyuma ya jengo la chini, au mahali ambapo dirisha la ghorofa ya pili linakitazama kwa juu. Ukikipanda mlangoni ili ukifurahie ukiwa barazani, umenunua kivuli na kazi ya kufagia. Petali zake ni nene na zina majimaji. Zikikanyagwa kwenye njia ya saruji huteleza kweli.

Mara nyingi kibobakasi huchanganywa na mkrismasi, kwa kuwa wote huwaka kwa maua mekundu. Mkrismasi (Delonix regia) asili yake ni Madagaska. Taji lake limetanda kama mwavuli, vijani vyake ni vidogo mno, na matunda yake ni maganda marefu bapa yanayoning'inia. Kibobakasi husimama wima zaidi, majani yake ni makubwa, kila jani likiwa na vijani 9 hadi 17 au zaidi vyenye ukubwa wa kutosha kuvihesabu bila taabu, na matunda yake yanatazama juu.

Wa asili, lakini asili ya wapi?

Kwa miaka ya karibuni wito wa kupanda miti ya asili umesikika sana Afrika Mashariki, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Barabara zetu na viwanja vya shule vimejaa miti ya mabara mengine wakati misitu yetu ina miti mizuri isiyojulikana hata na watu wanaoishi kando yake. Tatizo ni kwamba neno hilo huchukuliwa kwa mipaka ya nchi, na mti haujui mpaka. Kibobakasi ni cha asili Bukoba. Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, na wenye hali ya hewa na viumbe tofauti, mti huo ni mgeni kama mkrismasi ulivyo mgeni. Vivyo hivyo Kakamega na Mombasa.

Anayeona huo ni ukali uliopita kiasi aangalie yaliyotokea katika milima ya Usambara Mashariki, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Musizi (Maesopsis eminii) ni mti mwingine mtangulizi wa ukanda uleule wa misitu. Unaota wenyewe Kagera na Uganda. Mwaka 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, ulipandwa Amani, katika milima hiyo. Misitu ya huko ilipokuja kukatwa mbao na kuachwa na mapengo, hondohondo walikula matunda ya musizi na kudondosha mbegu ndani ya msitu, nao ukasambaa hadi kuwa tishio kwa mojawapo ya misitu yenye mimea na wanyama wa kipekee zaidi barani. Ni mti wa asili wa nchi hiyohiyo tunayoiita leo Tanzania, na bado ulikuwa mvamizi.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea ulipo. Kama unaishi Uganda kusini, magharibi mwa Kenya au Kagera, kibobakasi ni chako na hakuna sababu ya kukionea shaka kwa upande wa asili. Huko wakulima wamekuwa nacho kwenye mipaka ya mashamba na kama kivuli cha kahawa. Kama upo mjini mbali na makao yake lakini umezungukwa na majengo na lami, kinaweza kupandwa kwa uangalifu. Kama uwanja wako umepakana na msitu wa asili ulio nje ya ukanda wake, hasa misitu ya milima ya Tao la Mashariki (kama hiyo ya Usambara) au mabaki ya misitu ya pwani, kiache. Pwani wanao mbambakofi na mvule, miti ambayo itakuwa bado imesimama wakati kibobakasi kimeshaoza.

Visiwani kulitokea nini

Mti ulipochukuliwa kupamba bustani za Karibi na Pasifiki, uliacha nyuma maadui wake na miti ya kushindana nayo. Ukakuta pia mapengo makubwa kuliko yoyote ya msituni. Huko Puerto Rico, mashamba ya kahawa, tumbaku na miwa yaliachwa kwa wingi katika karne ya 20 watu walipohamia viwandani na mijini. Kwa mti mtangulizi, shamba lililoachwa ni pengo la ekari mamia. Leo kibobakasi ni mmoja wa miti inayopatikana kwa wingi zaidi katika misitu michanga ya kisiwa hicho.

Lakini habari ya Puerto Rico haikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Watafiti walipoingia katika misitu hiyo ya vibobakasi walikuta miche ya miti ya asili ya kisiwa ikiota kivulini mwake. Udongo uliochoshwa na kilimo ulikuwa umefunikwa tena na majani, ndege walikuwa wamerudi na mbegu, na miche ya kibobakasi yenyewe haikuweza kukua chini ya taji la wazazi wake. Mti ulikuwa unafanya kazi yake ya zamani, ila kwenye ardhi ya watu wengine. Hilo halimfuti machozi mkulima wa Fiji ambaye kila akilima anakata mizizi na kila kipande kinachipua. Yeye anadumisha pengo kila msimu, na pengo ndilo chakula cha mti huu. Ndiyo sababu wataalamu wa Pasifiki wamerudi Ghana kutafuta viumbe wanaokila kibobakasi kwao, na utitiri mdogo unaoharibu machipukizi yake umeachiliwa katika kisiwa cha Rarotonga, Visiwa vya Cook.

Suala la nyuki ni jingine. Nchini Brazili, nyuki wadogo wasiouma hukutwa wamekufa ndani ya vikombe vya maua haya, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya sheria ya Santa Catarina, ambako ufugaji wa nyuki hao ni kazi ya watu wengi. Kwa anayefuga nyuki wasiouma, hata huku kwetu, singemshauri apange vibobakasi kuzunguka mizinga.

Kukipanda bila majuto

Mti wa bustani hufikia mita 10 hadi 25, na msituni unaweza kupita hapo. Unataka jua kamili, mvua ya kutosha au umwagiliaji wa miaka ya mwanzo, na udongo wenye kina. Ukikosa mvua huishi, lakini hudumaa na kupukutisha majani kiangazi. Kwenye nafasi nzuri unaweza kutoa maua ya kwanza ukiwa na miaka mitatu au minne, na hapo ndipo wengi hushawishika kuupanda popote palipo wazi.

Mimi singeuweka chini ya mita 15 kutoka ukuta, nyaya za umeme, maegesho ya magari au mahali watoto wanapocheza kila siku. Matawi yake huvunjika kwa upepo, na mti mzee mara nyingi huwa na uozo katikati ya shina huku nje gome likiwa zima na taji likichanua. Maua mengi si dalili ya uzima wa shina. Mabomba ya maji na shimo la maji taka nayo yakae mbali, kwa ajili ya mizizi ya juujuu na maotea yake.

Kosa la kawaida kabisa ni kuukata kichwa mti unapokuwa mrefu. Kidonda kikubwa kwenye mbao laini hualika uozo, na vichipukizi vinavyotoka hapo hukua kwa kasi vikiwa vimeshikilia ganda la nje tu. Miaka michache baadaye hivyo ndivyo vinavyoanguka juu ya paa. Kazi ya kupogoa ifanyike mti ukiwa mchanga. Chagua shina moja liongoze, ondoa linaloshindana nalo, na kata matawi yasiyofaa yakiwa bado membamba, karibu na shina bila kulijeruhi. Baada ya hapo uache.

Uchaguzi wa mche nao una maana yake. Kwa kawaida kibobakasi hakijichavushi chenyewe. Kinahitaji chavua ya mti mwingine wenye nasaba tofauti ili kishike matunda. Kwa hiyo mjini, nje ya makao yake, miche iliyotokana na vipandikizi au maotea ya mama mmoja itatoa maua yaleyale lakini matunda machache, mradi hakuna vibobakasi vingine jirani. Ndani ya makao yake fanya kinyume: otesha mbegu zilizookotwa kutoka miti kadhaa ya eneo lako, ili kizazi kijacho kiwe na mchanganyiko. Mbegu hizo zipandwe mapema, juu ya udongo laini na kufunikwa kidogo sana.

Kama umehamia kwenye kiwanja chenye kibobakasi kizee, kagua kitako chake kabla ya msimu wa mvua. Uyoga unaoota kwenye shina au mizizi, tundu linalotoa unga wa mbao, au sauti ya uwazi ukigonga kwa nyundo ya mbao ni sababu ya kumwita mtu mwenye ujuzi wa kushusha mti kwa vipande. Mwambie mapema kwamba kisiki kitachipua, na mkubaliane nani atakata machipukizi, maana yatakatwa tena na tena kwa zaidi ya msimu mmoja. Vigogo vilivyokatwa visiachwe vimelala kwenye udongo wenye unyevu vikiwa vibichi, na usivitumie kama nguzo za ua isipokuwa unataka ua wa vibobakasi. Kama mti hauelekei nyumba wala njia, na ndege wameshachimba viota humo, inatosha kupunguza matawi mazito ya juu na kuuacha uendelee kuwahifadhi.